Umealikwa kwenye kambi ya timu kubwa ya hoki? Mwongozo kamili kwa kocha kijana

Kila msimu napata ujumbe wa aina moja kutoka kwa makocha vijana: "Kocha, nilikwenda kambini, nimerudi na daftari limejaa mazoezi, lakini timu yangu ni ile ile." Nikiuliza alikwenda kutafuta nini, hana jibu. Nikiomba anitumie picha za daftari, naona koni na mishale ukurasa baada ya ukurasa, bila sentensi hata moja inayoeleza kwa nini zoezi lile lilifanywa siku ile, na wachezaji wale.

Mwongozo huu ni wa hoki ya uwanjani, yaani mpira wa magongo. Nimemwandikia kocha ambaye bado mchanga na amepewa nafasi ya kukaa siku kadhaa na timu ya ngazi ya juu. Inaweza kuwa timu ya taifa iliyopiga kambi City Park, Nairobi, au klabu inayojiandaa kwa mashindano ya klabu bingwa Afrika, au klabu ya Uholanzi au Ubelgiji inayojinoa mwezi wa Agosti kabla ya ligi kuanza. Hatua hazibadiliki.

Nimezipanga kwa mfuatano, kuanzia mwezi mmoja kabla ya kambi hadi wiki sita baada yake. Usiruke hatua ya kwanza. Karibu kila mtu huiruka, na ndiyo inayoharibu zote zinazofuata.

## Vitu vya kuwa navyo

- Daftari dogo la mfukoni na penseli mbili. Nasema penseli kwa sababu viwanja vya nyasi bandia vya ngazi ya juu humwagiwa maji kabla ya mazoezi. Karatasi ikilowa, wino husambaa na maandishi yakapotea.
- Daftari kubwa linalobaki chumbani. Kazi yake utaiona katika hatua ya nane.
- Saa ya kupimia muda, ya kuvaa shingoni au mkononi. Usitegemee simu. Mgeni mwenye simu mkononi kando ya uwanja anaonekana kama anarekodi.
- Viatu vya nyasi bandia, vyenye meno mafupi mengi ya mpira. Njumu ndefu za kandanda huharibu zulia, na utazuiwa getini.
- Gongo lako, kinga za ugoko, kinga ya meno na filimbi. Huenda usivitumie, lakini ukiitwa kusaidia usiwe mtu wa kuazima.
- Nguo za rangi moja zisizo na nembo ya klabu nyingine. Kama unakwenda Ulaya, ongeza koti la mvua hata wakati wa kiangazi.
- Video ya dakika tano ya timu yako ikicheza, na karatasi moja yenye idadi ya wachezaji wako, magongo, mipira, na saa za mazoezi kwa wiki.

Kwa kambi ya Ulaya, anza viza mapema. Ombi la viza ya Schengen hupokelewa hadi miezi sita kabla ya safari, na uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15. Bima ya safari inatakiwa ifike angalau euro 30,000. Barua ya mwaliko itaje tarehe, mahali utakapolala na nani analipa, maana barua isiyotaja haya humrudisha mwombaji dirishani.

## Hatua ya 1: Beba swali moja (wiki nne kabla)

Tazama mechi mbili za timu yako. Kama unaweza, mwombe mtu azirekodi kutoka mahali palipoinuka, hata juu ya gari. Kila timu yako inapopoteza mpira, weka alama kwenye mchoro wa uwanja. Baada ya mechi mbili alama zitarundikana mahali fulani, na hapo ndipo swali lako lilipo.

Swali bovu ni hili: "Nataka kujifunza ukocha wa kisasa." Hakuna kambi inayoweza kulijibu.

Swali zuri ni hili: "Wasichana wangu wa chini ya miaka 16 wanapoteza mpira kila beki anapojaribu kuutoa nje ya eneo letu la mita 23, yaani mita 23 kutoka mstari wetu wa goli. Timu kubwa humzoeshaje mchezaji kutazama nyuma ya bega kabla ya kupokea pasi?"

Kambi ya juu ina mambo mengi kupita kiasi. Wachezaji zaidi ya 20, makocha watano au sita, mazoezi mara mbili kwa siku, vikao vya video. Asiye na swali hushika kila kinachong'aa. Mwenye swali hujua dakika kumi zipi kati ya mia na ishirini ni zake.

Mimi kambi yangu ya kwanza niliingia bila swali. Nilirudi na michoro ya mazoezi 41. Nilitumia matatu, na hayo matatu niliyatumia vibaya.

Utajua umefaulu ukiweza kulisema swali lako kwa pumzi moja mbele ya mtu asiyecheza hoki, naye akaelewa unatafuta nini.

## Hatua ya 2: Andika kabla hujafika (wiki mbili kabla)

Usitegemee kwamba aliyekualika amewaambia wenzake. Mara nyingi mwaliko hutoka kwa kiongozi wa chama au klabu, na kocha mkuu anakuona kwa mara ya kwanza ukiwa umesimama kando ya benchi lake. Mwandikie meneja wa timu, na nakala kwa kocha mkuu. Barua iwe fupi kama hii:

*"Kocha, habari. Naitwa ……, nafundisha wasichana wa chini ya miaka 16 huko ……. Nimealikwa kuwa nanyi tarehe …… hadi ……. Nakuja na swali moja: jinsi mnavyomfundisha beki kutazama kabla ya kupokea. Naomba kujua mambo matatu: nisimame wapi wakati wa mazoezi, vikao gani nisiingie, na kama naruhusiwa kuandika na kupiga picha. Niko tayari kusaidia kubeba na kupanga vifaa kila siku. Asante."*

Lile ombi la pili ndilo litakalokufungulia milango. Kocha anayesoma kwamba unajua kuna vikao visivyo vyako huacha kukuogopa.

Onyo. Timu inayokwenda mashindanoni ina mipango ya kona fupi (pigo la adhabu linaloanzia kwenye mstari wa nyuma, karibu na goli) ambayo imeifanyia kazi kwa miezi. Picha moja uliyoweka mtandaoni kwa furaha inaweza kumwonyesha mpinzani nani anasimama wapi juu ya duara, yaani lile eneo la mbele ya goli ambamo mabao hufungwa. Hata ukiruhusiwa kupiga picha, usitume popote hadi mashindano yaishe. Na kama kambini kuna watoto, usiwapige picha kabisa bila ruhusa ya maandishi.

## Hatua ya 3: Shika jembe siku ya kwanza

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kambini usingoje siku ya tatu.

Fika dakika 45 kabla ya mazoezi. Tafuta anayetoa mipira na koni, muulize ziende wapi, mbebee. Kupanga vifaa kuna faida moja ambayo wageni wengi hawaijui: unauona mpango wa mazoezi ukiwa umelala chini kabla haujaanza. Ukipima kwa hatua zako umbali kati ya koni na koni, umeshajua ukubwa wa kila mchezo, na kesho utaona kama wameubadilisha.

Andika majina na kazi: kocha mkuu, wasaidizi, kocha wa makipa, kocha wa viungo, fizio, mchambuzi wa video, meneja. Kocha mkuu hatakuwa na muda nawe, na si dharau. Mtu wako ni msaidizi, na hasa kocha wa makipa. Yeye huwa pembeni na wachezaji wawili au watatu, daima anahitaji mkono wa kumrushia mipira, na anaongea. Nimejifunza zaidi nikiwa namlisha mipira kocha wa makipa kuliko nikiwa nimesimama nyuma ya kocha mkuu.

Wachezaji wasalimie wote, lakini usimfundishe hata mmoja. Mchezaji wa kulipwa akikuuliza maoni yako kuhusu mshiko wake wa gongo, mwambie amuulize kocha wake. Hii inauma kwa kijana mwenye macho mazuri, najua. Ila neno moja la mgeni linaweza kupingana na kazi ya wiki tatu.

Dalili nzuri ni kwamba kufikia jioni ya pili mtu wa vifaa anakuita kwa jina.

## Hatua ya 4: Jifunze kutazama

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, kwa hiyo soma polepole.

Toa macho kwenye mpira. Mpira wa hoki una uzito wa gramu 156 hadi 163 na kwenye zulia lililolowa unakwenda kasi kiasi kwamba ukiufuata hutaona kingine. Chagua mchezaji mmoja kwa dakika tano na umtazame yeye tu, hata mpira ukiwa upande wa pili. Kwa swali letu la mfano, mtazame beki wa kati. Hesabu mara ngapi anageuza kichwa kabla pasi haijamfikia. Andika kama alifungua mwili kuelekea mbele au alipokea akiwa amelipa mgongo goli la mpinzani. Kisha hamia kwa mwingine.

Gawa ukurasa safu tatu. Ya kwanza: kocha alisema nini, kwa maneno yake. Ya pili: wachezaji walifanya nini mara iliyofuata. Ya tatu: kocha alibadilisha nini kwenye zoezi lenyewe. Safu ya tatu ina thamani kuliko mbili za kwanza, na ndiyo tupu katika madaftari yote ninayotumiwa.

Nikupe mfano kutoka kambi ya klabu moja ya Uholanzi niliyokaa nayo siku sita. Walikuwa wanacheza wanne kwa wanne katika eneo dogo. Mabeki walikuwa wanapokea bila kutazama. Kocha hakusimamisha mchezo kuwahutubia. Aliongeza goli la pili upande ule ule wa kushambulia, akatangaza kwamba kabla ya kila pasi ya kwanza yeye ataamua lipi kati ya mawili liko wazi kwa kunyanyua mkono nyuma ya beki. Asiyegeuza kichwa hakuona mkono. Ndani ya dakika nne shingo zote zilikuwa zinageuka, na yeye alikuwa amesema labda maneno kumi.

Kocha aliyekuwa amesimama karibu nami, mgeni kama mimi, alichora yale magoli mawili. Hakuandika kuhusu mkono. Alirudi kwao na zoezi lisilo na kazi.

Pima muda. Washa saa mpira unapotembea, zima kocha anapoongea. Timu nyingi nzuri nilizopima, mpira unatembea muda mrefu sana, na maelezo hukatwa chini ya nusu dakika. Kisha pima lako ukirudi. Fanya na hesabu hii: ukiwa na watoto 14 kwenye foleni moja yenye mpira mmoja, na kila zamu ikachukua sekunde 15, dakika kumi zinatoa zamu 40. Kila mtoto anagusa mpira chini ya mara tatu. Wagawe wawili wawili, mipira saba, pasi moja kila sekunde nne, na kwa muda ule ule kila jozi imepiga pasi 150. Hakuna zoezi la Uholanzi wala la Australia linaloweza kuokoa ile foleni.

Kona fupi itazame kwa mpangilio. Wanaolinda ni watano tu, kipa akiwemo, nyuma ya mstari wa goli. Wenzao wote wamesogezwa ng'ambo ya mstari wa kati. Mpira hutolewa kwenye mstari wa nyuma, mita 10 kutoka nguzo ya goli, lazima utoke nje ya duara kabla ya kurudishwa kupigwa, na kama pigo la kwanza ni la kuchapa, mpira usivuke mstari wa goli juu ya milimita 460, yaani ubao wa nyuma ya goli. Pigo la kuvuta na kurusha halina kikomo hicho, na ndiyo maana timu kubwa humlea mtaalamu wake kama yai.

Wageni wote humtazama yeye. Wewe tazama watu wawili wengine: anayetoa mpira na anayeutuliza. Pigo zuri likishindikana, mara nyingi kosa liko miguuni mwa mtoaji au kwenye sentimita chache za pale mpira uliposimama. Hayo unaweza kuyafundisha nyumbani bila mtaalamu wa kurusha, na kwa gharama ya mipira miwili.

Onyo la usalama. Usisimame nyuma ya goli wala pembeni mwake wakati wa kona fupi, hata ukiwa na hamu ya kuona. Mipira hiyo huzidi kilomita 100 kwa saa na hupaa ikigonga gongo. Kaa nyuma ya uzio, au upande wa mstari wa kati.

Tazama benchi. Mechi ya sasa ni robo nne za dakika 15, na kubadilisha wachezaji hakuna kikomo. Washambuliaji huingia na kutoka kila baada ya dakika chache. Siku ya mechi ya kirafiki, simama mahali unapomwona anayepanga mabadiliko. Andika nani anatoka na nani pamoja naye, na anaambiwa nini akikaa. Makocha wetu wengi bado wanabadilisha mchezaji akishachoka au akikosea. Wenzetu wanabadilisha kabla hajachoka, ili akimbie tena kwa nguvu ile ile.

## Hatua ya 5: Uliza kwa wakati wake

Wakati mbaya ni katikati ya mazoezi, mara tu baada ya kupoteza mechi, na mezani wakati kocha anakula na familia yake. Wakati mzuri ni mkiwa mnaokota mipira, au mnatembea kwenda kwenye gari. Dakika tatu zinatosha.

Anza na ulichokiona kisha uulize: "Kocha, jana eneo lilikuwa mita 20, leo umelipunguza. Uliona nini?" Swali la namna hii linamwonyesha kwamba ulikuwa macho, na linamlazimu aeleze uamuzi. "Kwa nini unafanya hivi?" likitoka kwa kijana linaweza kusikika kama ubishi. "Zoezi bora la kupasi ni lipi?" litakupatia jibu la heshima lisilo na faida.

Maswali mawili kwa siku, basi. Mengine peleka kwa msaidizi.

Na usiogope kuonyesha ile video ya timu yako, lakini ngoja uombwe, au ngoja siku ya mwisho. Wengi nilioonyesha walitazama nusu dakika na kuona kitu ambacho mimi sikukiona kwa mwaka mzima.

## Hatua ya 6: Kwenye chumba cha video

Ukiruhusiwa kuingia, kaa nyuma, zima simu kabisa, usiandike jina la mchezaji anayekosolewa. Hesabu vipande vya video: kikao kizuri huwa na vichache kuliko unavyodhani. Angalia nani anaongea. Katika timu zilizokomaa, kocha huuliza na wachezaji ndio hueleza.

Kama ukiambiwa usiingie, sema asante na uende kusaidia kufunga mizigo. Usiulize mara ya pili.

## Hatua ya 7: Ukipewa dakika kumi

Siku ya nne au ya tano, msaidizi anaweza kukugeukia: "Kocha, wapashe misuli moto leo." Wengi huanguka hapa kwa sababu wanataka kuonyesha yote wanayojua.

Fanya hivi:

1. Chagua zoezi ambalo wachezaji wameshalifanya wiki hiyo. Sharti lako liwe moja tu jipya.
2. Panga koni kabla hawajafika. Usipange wakikutazama.
3. Eleza kwa sentensi mbili, kisha filimbi. Kama hawajaelewa, onyesha kwa gongo, usirudie maneno.
4. Sahihisha jambo moja tu. Makosa mengine yaone na uyaache.
5. Maliza sekunde thelathini kabla ya muda wako. Ratiba ya kambi ni ya kocha wa viungo, na anaihesabu.

Usijaribu kumshinda mchezaji yeyote kwa ufundi. Umeitwa kuwaandaa wenzako kwa kazi ya asubuhi hiyo.

Kazi imefanikiwa kama kipindi kinachofuata kimeanza kwa wakati na hakuna aliyezungumzia kilichopita.

## Hatua ya 8: Nusu saa ya usiku

Kabla ya kulala, toa daftari dogo na kubwa. Usinakili yote. Jibu mambo matatu: leo nimeona nini kinachogusa swali langu, kocha alifanya uamuzi gani ambao sikuutarajia, na hili lingewezekana vipi kwetu, kwa watoto wetu, magongo yetu na uwanja wetu?

Fanya usiku ule ule. Penseli ya mbio haisomeki baada ya siku tatu, na sababu ya uamuzi husahaulika kabla ya mchoro wake.

Siku ya mwisho, soma kurasa zote na uchague badiliko moja la kupeleka nyumbani. Mengine yaandike ukurasa wa mwisho na ufunge daftari.

## Hatua ya 9: Kupeleka nyumbani (wiki sita)

Wengi wetu hatuna zulia la maji. Tuna murramu, nyasi za shule zilizokatwa na ng'ombe, au lami ya uwanja wa mpira wa kikapu. Zoezi lililofanywa kwenye zulia likihamishwa jinsi lilivyo litakufa siku ya kwanza, nawe utawalaumu watoto.

Badilisha kwa kufuata haya:

- Umbali. Kwenye murramu mpira unaruka na kupungua kasi. Pasi ya mita 20 ya zulia ifanye mita 8 hadi 10, na iwe ya kusukuma, si ya kuchapa.
- Kupokea. Mwache mtoto ashushe gongo chini mapema na kupokea mbele ya mguu. Kupokea ukiwa unakimbia kwa kasi, kama ulivyoona kambini, hakufai pale mpira unaporuka.
- Idadi. Magongo tisa kwa watoto 14? Tisa wacheze, watano wawe macho: kila mmoja ahesabu mara ngapi mwenzake aligeuza kichwa. Badilishaneni kila dakika tatu. Wale wanaohesabu hujifunza haraka kuliko nilivyotarajia.
- Sharti. Hili usilibadilishe. Kama zoezi la kambini lilimlazimisha beki kutazama nyuma ya bega, la kwako nalo limlazimishe. Huna magoli mawili? Tumia ndoo mbili. Ukikosa ndoo, watoto wawili wenye fulana za rangi tofauti, mmoja ananyanyua mkono.

Fanya badiliko hilo dakika 15 katika kila kipindi, kwa wiki sita, bila kuongeza jingine. Wiki ya pili utachoka, na watoto watauliza lini mtafanya kitu kipya. Vumilia. Wiki ya kwanza na ya sita, rekodi mechi na uweke zile alama tena kwenye mchoro wa uwanja.

Onyo. Usinakili desturi za timu bila kujua zimesimama juu ya nini. Ric Charlesworth, aliyewaongoza wanawake wa Australia kutwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka 1996 na 2000, aliacha utaratibu wa nahodha mmoja wa kudumu na kuugawa uongozi kwa wachezaji kadhaa. Alikuwa na wanawake wazima, wenye miaka ya mashindano makubwa mwilini. Nimemwona kocha kijana akimvua unahodha msichana wa miaka 15 mbele ya wenzake kwa sababu "Australia hawana nahodha". Yule mtoto hakurudi mazoezini kwa mwezi mzima. Bado najilaumu kwamba nilikuwepo na sikusema neno mapema.

Jambo lingine: usianze kila sentensi na "kule kambini". Wasaidizi wako nyumbani wamekaa na timu ukiwa safarini, wamelinda mipira na kuwapigia wazazi simu. Waketishe, waonyeshe badiliko moja ulilochagua, waulize wao wangelifanyaje. Likiwa lao pia, litaendelea hata siku usiyokuwepo.

## Hatua ya 10: Ujumbe wa wiki ya sita

Salamu za shukrani tuma ndani ya siku mbili baada ya kambi: kwa meneja, kocha mkuu, msaidizi, na mtu wa vifaa. Hizo ni adabu.

Ujumbe utakaokurudisha kambini ni wa wiki ya sita, na hutumwa na wachache sana. Uandike hivi:

*"Kocha, habari za siku nyingi. Nilikuja na swali la mabeki kutazama kabla ya kupokea. Nimetumia lile sharti la mkono nyuma ya beki, tukiwa na ndoo mbili na uwanja wa murramu. Mechi ya kwanza tulipoteza mpira ndani ya mita 23 zetu mara 19. Wiki hii mara 11. Kinachonisumbua sasa ni kwamba wanatazama lakini bado wanapasi upande ule ule. Ukipata nafasi, ungeanzia wapi?"*

Weka namba zako halisi, hata kama hazijashuka. Kocha mkubwa hatashangaa kwamba jambo halijafanya kazi. Yeye mwenyewe yanamkuta kila wiki. Kama hazijashuka, mwambie ulifanya nini siku kwa siku, na uambatishe video ya dakika mbili.

Jibu likichelewa, ngoja wiki mbili kisha mwandikie msaidizi, au yule kocha wa makipa uliyemlisha mipira.